Mtunzi Hajulikani

Nilikuwa nimesimama nyuma ya turubai pale Mkumbara, kwenye mazishi ya baba wa mwalimu mwenzangu, kwaya ya ugenini ilipoanza kuimba wimbo nilioutunga kwa ajili ya mama yangu.

Sikushtuka papo hapo. Mtu anayefundisha kwaya hana ukimya kichwani. Nyimbo hupita humo zenyewe, hata akiwa anasahihisha daftari za wanafunzi. Nikadhani ni kichwa changu. Mpaka niliposikia sauti ya tatu ikipanda mahali ambapo mimi niliishusha, ndipo nikajua kwamba wimbo uko nje, midomoni mwa watu nisiowafahamu.

Mama alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge nje ya mji wa Korogwe. Wazazi wake walikuwa manamba, vibarua wa mkataba walioletwa kutoka kusini na hawakurudi tena. Yeye mwenyewe alianika singa, zile nyuzi nyeupe za mkonge, tangu usichana hadi alipoanza kupata watoto. Viganja vyake vilikuwa vigumu kiasi kwamba alikuwa anaondoa sufuria jikoni bila kitambaa. Alipofariki nilikaa mezani, nikaandika wimbo, nikaufundisha kwaya yetu haraka haraka, tukamzika nao. Tukauimba tena kwenye misa ya kumkumbuka mwaka uliofuata. Basi. Sikumpa mtu wa nje, wala sikuupeleka studio. Ulikuwa wimbo wa msiba wangu.

Baada ya kuzika, watu wakiwa wanapewa chakula, nilimfuata mwalimu wa ile kwaya, mama mmoja wa makamo mwenye miwani.

"Poleni na msiba, mwalimu," nikamwambia. "Ule wimbo wa mwisho mmeutoa wapi?"

"Mzuri, eeh?" Akafungua mkoba. "Uko mtandaoni. Ngoja nikuoneshe."

Akanipa simu. Kwenye kioo kulikuwa na video: ukurasa mweupe wa nota, sauti zote nne zimepangwa safi, na kistari chekundu kilichokuwa kinatembea juu yake kufuata waimbaji. Kila mahali sauti zilipofika, kistari kilikuwa kimeshafika. Ukurasa ukiisha, unageuka wenyewe. Juu kulikuwa na jina la wimbo, jina lilelile nililolipa mimi. Chini yake, pale panapoandikwa jina la mtu, paliandikwa: Mtunzi hajulikani.

"Mtunzi ni mimi," nikasema.

Akacheka. Kisha akaniangalia, akaona sicheki, naye akaacha. Akanyoosha mkono akaichukua simu yake polepole, akaitia mkobani na kufunga zipu. Nadhani alifikiri mimi ni mmoja wa wale wanaume wanaokuja msibani wakiwa wameshakunywa.

Nilipofika nyumbani niliitafuta ile video, nikaisikiliza vizuri. Kabla wimbo haujaanza kulikuwa na mtu anahesabu, "Mbili, tatu," na kiganja kinagonga meza. Kiganja kilikuwa changu. Sauti ilikuwa yangu. Wanakwaya walikuwa wangu, ndani ya ukumbi wetu wa mazoezi wenye bati linalolia jua likianza kupungua. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mtu alikuwa amekaa mbele yangu, ameniangalia usoni, na amenirekodi.

Zoezi lililofuata sikufundisha chochote cha maana. Nilikuwa nasoma nyuso. Huyu mbona ameweka simu mapajani? Yule mbona ameniamkia kwa uchangamfu kuliko kawaida? Mzee wetu wa besi alipochomoa simu aangalie saa, nilinyamaza mpaka akairudisha. Mwisho wa zoezi nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna anayeondoka na nota. Zote zinarudi kwangu, na simu zinabaki kwenye kiti mlangoni.

Mama mwenyekiti wa kwaya akasimama. "Mwalimu, kwani tumekuwa wezi?"

"Sijasema hivyo."

"Ila umetuwekea utaratibu wa wezi," akasema, akaketi.

Moyoni nilikuwa nimeshamchagua mshukiwa wa kwanza. Mpiga kinanda wetu alikuwa karani wa halmashauri, mwanamume wa rika langu, mtu wa maneno machache. Mwandiko wangu ni mbaya, hivyo yeye ndiye aliyekuwa akizichapa nota zangu kwenye kompyuta yake. Tena miaka ya nyuma aliwahi kuniuliza, "Kwa nini huweki nyimbo zako mtandaoni watu wazione?" Nikamjibu kwamba sitaki. Sasa swali lile lilinirudia likiwa na sura nyingine. Aliuliza kwa sababu alikuwa ameshapanga, nikajiambia. Alitaka tu kujua kama nitakasirika.

Nilimkuta amebaki anafunika kinanda.

"Nota za wimbo wa mama ziko wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye kompyuta yangu. Kwa nini?"

"Zimetokaje humo mpaka zikafika mtandaoni?"

Nikamwonesha video. Aliitazama yote, bila haraka, kichwa kimeinama. Ilipoisha akasema, "Hizi sizo nilizochapa mimi. Angalia sauti ya tatu. Hii si yako."

Alikuwa anasema kweli, na mimi nilishaisikia ile sauti ya tatu tangu Mkumbara. Lakini shaka ikishakaa kwa mtu haikosi jibu. "Umeibadilisha ili usijulikane," nikamwambia.

Hakupandisha sauti. Alimalizia kufunika kinanda, akachomoa ufunguo wa ukumbi kwenye fungu lake la funguo, akauweka juu ya kitambaa mbele yangu.

"Tafuta mpiga kinanda unayemwamini," akasema. Akatoka. Jumapili iliyofuata tuliimba bila kinanda, na watu kanisani waligeuka kutazama kuna nini.

Kukosekana kwake hakukunipa amani, maana video iliendelea kuwepo, na chini yake watu waliendelea kuandika. Mmoja alisema wameutumia kumzika bibi yao. Mwingine aliomba nota za sauti ya pili peke yake. Mwingine aliandika tu, Mungu ambariki aliyeutunga popote alipo. Nilikuwa nasoma maneno hayo kwa hasira ambayo sikuweza kuieleza vizuri. Ningewaambia nini? Msiimbe? Mtu analia, amepata wimbo wa kumsaidia kulia, halafu mimi nitokee niseme ni wangu?

Nikaanza kuisikiliza kwa njia nyingine. Mchana, walimu wenzangu wakiwa madarasani, nilikaa ofisini na vidude vya masikioni, siyo kuusikiliza wimbo bali kuusikiliza ukumbi. Sauti ya tatu ilisikika kwa mbali sana, kama watu wanaoimba upande wa pili wa ukuta. Besi zilivuma tu. Lakini sauti ya pili ilikuwa karibu, karibu mno, hata viti vyao vilisikika vikilia. Simu ile ilikuwa katikati ya akina mama wa sauti ya pili.

Na pale kwenye ubeti wa kwanza, kabla ya neno "Mama", kulikuwa na mtu anavuta pumzi. Fupi, kali, kama anayejiandaa kujitwisha ndoo. Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Pumzi ile naifahamu. Nimeishi nayo chumba kimoja miaka mingi.

Mke wangu.

Mke wangu ni fundi cherehani pale Manundu, na anaimba sauti ya pili tangu kabla sijamwoa. Ungetegemea kwamba jioni ile ningerudi nyumbani nimuulize. Sikumuuliza. Nilirudi, nikala, nikamtazama. Nilianza kugundua mambo ambayo labda yalikuwepo siku zote: kwamba akiongea na mdogo wake aliyeolewa Handeni hutoka nje hadi kwenye kamba ya nguo, kwamba nikitokea hushusha sauti, kwamba simu yake huilaza kifudifudi mezani. Nikawa natunga maneno ya upande wa pili wa mazungumzo yale, na kila siku yalikuwa maneno mabaya zaidi. Amemuuzia nani? Wamekubaliana nini? Kwa nini yeye, aliyemvalisha mama yangu sanda kwa mikono yake?

Siku moja akaniambia, "Jumamosi nakwenda Handeni kumwona mdogo wangu. Mtoto wake ameanza kutembea."

"Nitakwenda nawe," nikasema.

Akainua macho kutoka kwenye cherehani. Sikuwa na desturi ya kwenda. "Karibu," akasema, lakini alichelewa kidogo kulisema, na mimi nikakuweka kuchelewa kule pamoja na mengine.

Tulibadilisha gari Segera. Wakati tunasubiri, wauza machungwa walituzunguka, naye akanunua ya kumpelekea mdogo wake huku anapunguziwa bei kwa utani, na mimi nikasimama pembeni nikifikiri: mtu mwenye siri angeweza kucheka hivi? Kisha nikafikiri: ndiyo, angeweza. Tukafika Mkata, tukakata kulia kuingia nchi ya Wazigua.

Shemeji yangu huyo alikulia kwetu. Alisoma sekondari akiwa anaishi nyumbani kwetu, na mama yangu ndiye aliyemsuka nywele na kumchapa na kumfundisha kupika. Kisha akaolewa na kijana wa Kizigua, akabadili dini, akahamia Handeni. Mama alipofariki yeye alikuwa hospitali amelazwa kwa ujauzito uliomsumbua, na madaktari hawakumruhusu kusafiri. Mambo haya yote niliyajua. Sikuwa nimeyaweka pamoja.

Tulikuwa tumekaa barazani, mtoto anatembea kutoka goti hili hadi goti lile, niliposikia tarumbeta ng'ambo ya ukuta. Mtu alikuwa anapasha midomo moto, noti ndefu ndefu. Kisha akaanza kupiga sauti ya kwanza ya wimbo wa mama.

Nikasimama. Mke wangu naye alisimama, na usoni mwake sikuona hatia. Niliona mshangao tu.

"Ni nani huyo?" nikauliza.

"Mzee wa tarumbeta," shemeji akasema. "Amestaafu bendi ya serikali. Kila siku hupiga saa hizi, kabla ya adhana ya alasiri. Shemeji, kuna nini?"

Nilizunguka ukuta, na wao wawili wakanifuata, shemeji kambeba mtoto.

Alikuwa mzee mrefu, kofia ya kufuma kichwani, amekaa kwenye kiti cha plastiki uani na tarumbeta iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Mezani, chini ya kivuli cha bati, kulikuwa na kompyuta iliyofunguliwa, na kwenye kioo chake ukurasa mweupe wa nota.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni. Mna wageni leo?" akamwuliza shemeji.

"Mzee," nikasema kabla shemeji hajajibu, "huo wimbo unaoupiga ni wangu."

Aliweka tarumbeta magotini, akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Wako kivipi?"

"Nimeutunga mimi. Na wewe umeuweka mtandaoni umeandika mtunzi hajulikani."

"Ehee," akasema. "Mtu anaweza kuingia uani kwangu akasema hata hii tarumbeta ni yake. Una ushahidi gani?"

Katika yote niliyoyafikiria njiani, sikuwahi kufikiri kwamba mtuhumiwa atanitilia shaka mimi. Nikafungua kinywa nikaanza kuimba ubeti wa tatu, ambao haumo kwenye ile video kwa sababu siku ile ya zoezi tuliishia ubeti wa pili. *Mikono yako ilichubuka kwa singa, ili yetu ishike kalamu.* Sikufika mbali. Sauti ilikatika.

Mke wangu akaupokea. Aliuimba ubeti mpaka mwisho kwa sauti ya pili, peke yake, katika ua wa mtu asiyemfahamu. Kisha akasema, "Mzee, wimbo ni wa mume wangu. Ni wa mama mkwe wangu. Na aliyerekodi ni mimi."

Mtoto tu ndiye aliyekuwa anaongea lugha yake.

Akaeleza akimtazama mzee, hakunitazama mimi. Alisema hasomi nota kwa wepesi kama wengine. Huweka simu mapajani wakati wa zoezi ili akiwa anashona arudie. Mdogo wake alipokuwa amelazwa, analia kwamba hakumzika mama aliyemlea, alimtumia lile zoezi ili naye asikie alivyoagwa. Hakuona kama ni jambo la kuniomba ruhusa. Shemeji akadakia: aliporudi nyumbani alikuwa anausikiliza kila siku pale barazani kwake, na mzee akausikia ukutani, akaja kuuomba.

"Nilimwuliza ni wa nani," mzee akasema. "Akaniambia ni wa kwaya ya Korogwe. Kwaya si mtu. Ningeandika jina la nani?"

"Na nota?" nikauliza. "Nota ulizitoa wapi?"

Hapo alichangamka. Akagonga sikio lake kwa kidole. "Hapa! Nimezisikiliza, nimeziandika. Usiku na mchana mwezi mzima. Hakuna mtu aliyenipa karatasi. Nimefanya kazi hii ya kuandika nota maisha yangu yote, nimepiga kwenye mazishi ya watu wa kila dini. Watu wanaweza kuimba, lakini hawaoni wanachokiimba. Mimi nawaonesha."

"Sauti ya tatu umekosea."

"Sijakosea. Haikusikika kabisa. Wanaume wako wanaimba kama wanaogopa kuamsha mtoto. Nikaitunga mwenyewe."

"Ukatunga ndani ya wimbo wangu?"

"Palikuwa na tundu. Nimeziba." Kisha, kwa ukaidi wa mzee anayejua amebanwa kidogo: "Tena ni nzuri."

Tulibishana hapo mpaka adhana. Hoja yake ilikuwa hivi: wimbo ni wako, nakubali. Sauti zilizorekodiwa ni za watu wako. Lakini nota zile zimeandikwa na mkono wangu, na sauti ya tatu imetoka kichwani mwangu. Ukiniambia nitoe, nitoe kipi nibakize kipi? Nilichotaka kusema ni kwamba hakuomba. Nilikisema. Akajibu, "Hilo ni kweli. Sikuomba." Tukakubaliana ataandika jina langu na la kwaya, na kwamba sauti ya tatu ni yake. Akaenda kuswali.

Njiani kurudi, mke wangu alikaa dirishani. Tulipokuwa tumepita Segera ndipo aliposema.

"Ulijua ni mimi tangu lini?"

"Wiki kadhaa. Nilisikia pumzi yako."

"Kumbe ulinitambua kwa pumzi." Alitikisa kichwa. "Masikio yote hayo, halafu mdomo wa kuniuliza ukakosa. Umeniacha napika, nalala, huku unanichunguza."

"Ulikuwa unaongea simu kwa kujificha."

"Nilikuwa naongea na mdogo wangu mambo ya tumbo lake, ambalo halijapona tangu ajifungue. Ulitaka nikae mezani niyaseme mbele yako?"

Hakurudi kwenye mazoezi. Hakugomba, hakununa hadharani. Siku ya zoezi ikifika anabaki kwenye cherehani, na mimi naondoka peke yangu.

Ningependa kusema mambo ya mtandao yaliisha hapo Handeni. Haikuwa hivyo. Muda si mrefu yule mzee akanipigia, sauti inatetemeka kwa hasira.

"Mwalimu, si tulikubaliana? Mbona umenishtaki?"

"Nimekushtaki wapi?"

"Video wameifunga. Wameniandikia kwamba mwenye hakimiliki amelalamika. Kuna mwenye hakimiliki mwingine zaidi yako?"

Nilifungua, na kweli: ukurasa mweusi, maneno mawili matatu, basi. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa huruma. Nilifikiri: mzee huyu ameuza wimbo mahali, sasa anajifanya anashangaa. Yeye naye, aliniambia baadaye, alikuwa na hakika kwamba mimi nilirudi Korogwe nikashauriwa na watu. Siku kadhaa tuliongea kwenye simu kama watu wawili waliofungiwa chumba kimoja na nyoka, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyemwingiza.

Mwisho yeye ndiye aliyepata jibu. Kwaya moja kubwa ya mjini, mbali na huku, ilikuwa imeurekodi wimbo studio, kinanda, ngoma na sare mpya. Msambazaji wao akausajili, na akaanza kufungisha kila video yenye wimbo ule. Mzee alinitumia kipande kifupi tu. "Sikiliza wanaume," aliandika.

Nikasikiliza. Sauti ya tatu ilikuwa ileile aliyoitunga uani kwake. Hakuna mahali pengine duniani wangeweza kuipata.

Niliitafuta namba ya mwalimu wao, nikampigia. Aliongea kwa adabu.

"Tulimtafuta mwenyewe, mwalimu wangu, hatukumpata. Paliandikwa hajulikani. Wimbo usio na mwenyewe ni wa wote."

"Kama ni wa wote, mbona mmewafungia wote?"

Akakohoa. "Hayo ni ya msambazaji. Sisi tunaimba tu." Sikumwamini, au nilimwamini nusu. "Ila tusaidie kitu cha kumwonesha msambazaji," akaongeza. "Kila mtu sasa hivi anaweza kusema ni wake."

Karatasi yangu ya mwanzo ilishapotea. Nadhani ilizikwa na mama, ndani ya Biblia yake. Kilichobaki ni zile nota zilizochapwa siku moja kabla ya mazishi, zikiwa na tarehe yake ndani ya kompyuta. Kompyuta ya karani.

Nilikwenda kwake jioni moja. Alikuwa anafagia uwanja. Nilimweleza yote, Handeni, tarumbeta, pumzi, mpaka kwaya ya mjini. Nikamwomba anisamehe. Alisikiliza ameegemea ufagio.

"Nitakutumia," akasema.

"Na kinanda?"

"Napiga kigango kingine sasa. Wamenipokea vizuri." Akaendelea kufagia. Alinitumia kabla sijafika nyumbani, kama alivyochapa siku ile, pamoja na kosa moja dogo ambalo hatukuwahi kulisahihisha. Kinanda chetu mpaka leo kinapigwa na mtawa anayekuja akipata nafasi.

Msambazaji alichukua muda wake, lakini malalamiko yaliondolewa, na ile video ya Handeni ikafunguka. Ya kwaya ya mjini nayo ipo. Waliandika jina langu kama mtunzi, na chini yake wakaandika kwamba mpangilio wa sauti ni wa kwao. Mzee alinipigia kunisomea maneno hayo kwa sauti ya juu, akirudia mara kwa mara, "Mpangilio wa kwao! Mpangilio wa kwao, mwalimu! Sauti ya tatu ni yangu!"

"Pole, mzee," nikamwambia. "Inauma, eeh?"

Akacheka, cheko la kikohozi, na mimi nikacheka naye. Sasa ninapomaliza wimbo humtumia mimi mwenyewe, lakini baada ya kwaya yangu kuuimba kanisani kwanza. Anajua kwa nini. Hajawahi kulalamika, ila kila mara huuliza kama sauti ya tatu imekamilika au nimeacha nafasi.

Mke wangu alirudi kwaya kwa masharti yake. Alinikuta napiga pasi shati la kanisani, akasimama mlangoni.

"Rudisha nota kwa watu," akasema. "Na kile kiti cha simu kitoe pale mlangoni."

"Nitakitoa."

"Usiseme utakitoa. Nikija nisikikute."

Nilikitoa. Wanakwaya waliona, na mama mwenyekiti alikivuta akakikalia. Sitadanganya kwamba nimepona. Simu ikiinuka popote ukumbini jicho langu huenda, na najua kwamba wao wanaliona likienda. Mke wangu bado hurekodi, kwa sababu bado nota zinampa tabu. Huiweka mapajani, kioo juu, ananitazama.

"Narekodi," husema, kwa sauti ya kusikika na wote.

Nami nainua mkono, tunaanza.